Shangazi Hii-au-Hii na Mpira Uliopotea Njiani

Shangazi yangu anaitwa Hii-au-Hii, na jina hilo alijitafutia mwenyewe, siku ya ndoa yake, mbele ya mashahidi.

Siku ile hakuomba ruhusa kazini. Aliona ofisi ya msajili wa ndoa iko mtaa wa pili tu, kwa hiyo atapima wateja wake mpaka saa tano, avue koti jeupe, aingie kwenye gauni, aolewe, yaishe. Sasa kazi yake ni kupima watu miwani. Ukikaa kwenye kiti chake anakubandika fremu nzito ya chuma puani, anachomeka lenzi, anauliza, "Hii?" Anaitoa, anachomeka nyingine. "Au hii?" Kutwa nzima, miaka nenda rudi. Mwili ulifika kwa msajili, kichwa kikabaki dukani. Bwana harusi alikuwa amesimama bega kwa bega na msimamizi wake, suti sare, urefu mmoja. Msajili akakohoa, akanyoosha mkono, akauliza, "Je, unakubali huyu awe mume wako?"

Shangazi akawatazama wote wawili kwa makini.

"Huyu," akasema, "au huyu?"

Wanasema msajili ilibidi atoke nje kidogo ajifute machozi. Msimamizi hajaoa mpaka leo, na ukoo mzima unadai bado anasubiri majibu. Mume wa shangazi ndiye anayeisimulia zaidi ya wote, kila sherehe, na kila mwaka anaongeza chumvi. Shangazi mwenyewe ukimwita Hii-au-Hii anaitika bila kugeuka.

Nimeanza na hilo ili mcheke mapema, maana huko mbele mimi mwenyewe niliishiwa kicheko.

Duka lake ni chumba chembamba kati ya kinyozi na muuza viatu. Ukutani kuna ubao wa herufi, juu kubwa kama tofali, chini ndogo kama sisimizi. Mezani kuna kisanduku cha mbao ambamo lenzi zimelala kwenye kitambaa chekundu kama biskuti kwenye pakiti. Pananukia spiriti. Na pana sheria mbili. Ya kwanza: unagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili, hujui kipi kimekusaidia. Ya pili ni ya kichokozi. Katikati ya kupima anaitoa lenzi, anaizungusha hewani kwa mbwembwe, kisha anairudisha ileile. "Na sasa?" Wateja wengi wanaruka kitini: "Aaa, sasa ndiyo safi kabisa!"

"Watu wana adabu sana, mwanangu," aliwahi kuniambia. "Wanataka kunifurahisha. Na mtu akitaka kunifurahisha, macho yake hayaniambii kitu."

Mtu mmoja tu hakuwahi kukaa kwenye kile kiti: baba yangu. Ni mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni, na ni mkaidi kuliko mlango wa bafu letu. Baba alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya ghalani yenye pembe mbili za chuma za kunyanyulia mizigo. Miaka ishirini na mbili. Nilimwona mara moja, siku ya wazi kwa familia za wafanyakazi, akiokota kiberiti sakafuni kwa ncha za zile pembe na kukiweka kwenye kiganja cha meneja. Watu walipiga makofi mpaka nikavimba kichwa. Ile mashine haikuwa kazi yake, ilikuwa yeye mwenyewe akiwa na magurudumu.

Halafu ndani ya miezi minne akapata ajali mbili. Ya kwanza alinyanyua mzigo akagonga boriti ya rafu ya juu, katoni za sabuni zikamwagika kama mvua. Ya pili alipinda taa iliyoning'inia. Hakuna aliyeumia, lakini barua ikaja, na ilikuwa fupi: ya tatu, unashuka kwenye mashine. Baba akalaumu mwanga wa ghala. Akalaumu breki. Akamlaumu aliyepanga rafu.

"Baba watoto," Mama akamwambia, "nenda kwa wifi akupime macho."

"Nimeshapimwa."

"Lini?"

"Mwaka jana, nilipompelekea mwavuli. Nilisimama mlangoni nikasoma ubao wake wote, mpaka sisimizi wa mwisho. Muulize! Mimi naona nzi akipiga miayo."

Na ni kweli. Shangazi mwenyewe alikiri kwamba siku ile Baba aliusoma ubao kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, akainama kama mwigizaji, naye akacheka akamwambia haya, nenda zako. Likaishia hapo.

Sasa tuje kwenye besiboli. Msiniulize tuliijulia wapi. Tulinunua mashine ya gemu iliyotumika, ndani yake tukakuta diski moja tu imesahaulika, na diski yenyewe ni ya besiboli. Nyumba nzima hakuna aliyejua sheria. Tulijifunza hivyohivyo: kuna mrushaji, kuna mpigaji mwenye rungu, na mbele ya mpigaji kuna kisanduku cha mwanga chenye miraba tisa. Mpira ukipita ndani ya kisanduku, upige. Ukipita nje, uache. Ndani ya mwezi mmoja Mama alikuwa anapiga kelele, "Umeuacha wa nini huo?" kama amezaliwa uwanjani.

Shida ya gemu yenyewe ni kwamba ilikuwa ngumu kwa Baba, laini mno kwangu, na Mama alikuwa anabonyeza vitufe vyote vya pedi ya kuchezea kwa pamoja na kushinda. Ndipo nikagundua upande wa mipangilio. Jamani! Kuna vijistari kama thelathini, kila kimoja unasogeza kutoka sifuri hadi mia: kasi ya mpira, ukubwa wa rungu, mrushaji anakosea mara ngapi, upepo, kila kitu. Na mtandaoni kuna kundi la watu wazima wenye ndevu wanaogombana kutwa kuhusu kijistari kimoja. Nikaingia humo. Nikapika mipangilio yangu, nikaipa jina la kishujaa, Mipangilio ya Sebuleni, nikaipandisha kwa fahari.

Jamaa mmoja anayejiita Profesa akajibu kwa maneno manne: "Umepima au umeota, dada?"

Vicheko mia na kumi chini yake. Nilivihesabu.

Jumapili iliyofuata, mchana, Shangazi alikuja kula kwetu akanikuta nimekaa mbele ya tivii nasogeza vijistari kwa hasira. Akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Umegusa vingapi hapo?"

"Sita tu, Shangazi."

"Sita. Sasa gemu ikiwa nzuri, utamshukuru nani kati ya hao sita?"

Akaweka kikombe chini, akavuta kiti, akatoa daftari kwenye mkoba. Niliona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa dukani. Akauliza kama kuna mahali pa kurushiwa mipira tu bila mechi. Nikamwonyesha uwanja wa mazoezi: unarushiwa mipira hamsini, na mwisho gemu inakuchorea kile kisanduku na kuweka nukta kila mpira ulipopita, kijani uliyoipiga, nyekundu uliyoikosa.

"Kumbe gemu yenyewe inapima," akasema taratibu. "Nyie mnaicheza tu."

Akanitoa kwenye vijistari. Kazi yangu ikawa kupiga, yake kupanga. Kabla ya kila raundi aliniambia, "Tazama ukutani," ananigeuza, anabofya, ananirudisha. Mipira hamsini, anaandika. Ukutani. Mipira hamsini, anaandika. Raundi ya nne nilihisi tofauti kubwa.

"Hapo! Hapo, Shangazi, usiguse tena! Mpira umetulia, rungu limekuwa jepesi, naona mpaka mshono wa mpira!"

"Sijagusa kitu."

"Unasema?"

"Hii raundi sijagusa kitu, bibie. Ni ileile ya tatu."

Mama alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Mimi nilitaka kuingia chini ya zulia na kuhamia huko. Lakini moyoni nilishangaa, mshangao wa kweli. Lile kundi zima, Profesa na ndevu zake, mwaka mzima tunaapa kwamba tunahisi tofauti ya nukta mbili. Shangazi, ambaye asubuhi ile hakujua rungu linashikwa wapi, ametuvua nguo wote kwa dakika arobaini. Tena hakutumia kitu kingine zaidi ya kutotuamini.

Akapima na Mama. Hamsini, hamsini, hamsini. Kisha Baba akaamka kutoka usingizi wa mchana, akaja anajinyoosha.

"Nipeni pedi niwafundishe kazi."

"Feni kaamka," Mama akasema. Ndilo jina alilompa, kwa sababu Baba alikuwa anazungusha rungu kwa nguvu zote na kupata upepo mtupu. "Wifi, huyu utampima mpaka kesho."

Raundi ya kwanza, Baba akakosa kumi na tisa. Shangazi akapunguza kasi. Akakosa kumi na nane. Akaipunguza tena, mpira ukawa unakuja kama unauliza njia. Kumi na tisa. Akarudisha kasi, akakuza rungu. Ishirini. Akabadilisha uwanja wa usiku wenye taa kuwa wa mchana. Kumi na tisa.

"Dada, kubali tu gemu ni mbovu."

Shangazi alikuwa amefungua kwa pamoja kurasa tatu za daftari alimonakili zile nukta, yangu, ya Mama na ya Baba, na kalamu imesimama hewani. Nikachungulia. Nukta nyekundu zangu zilikuwa zimetawanyika kila mahali. Za Mama pia, kama mtu kamwaga dengu. Za Baba zilikuwa zote juu. Safu ile ya juu ya kisanduku, mraba wa kushoto, wa kati, wa kulia, nyekundu tupu. Chini yake, kijani. Mipira ya katikati na ya chini Baba alikuwa anaipiga kuliko mimi! Kasi ilibadilika, rungu likabadilika, mwanga ukabadilika, ila umbo lile kwenye karatasi halikusogea hata unywele.

"Labda ya juu ni migumu kwa kila mtu," nikasema.

"Kwa kila mtu ni nani? Wewe umekosa ya juu mitano. Mama yako minne." Akaninong'oneza, "Huyo mrushaji anaweza kuagizwa mahali pa kurusha?"

Anaweza. Kuna kijistari chake. Tukamwagiza arushe ishirini, yote safu ya juu, polepole. Baba akashika pedi, akavuta kiti mpaka magoti yakakaribia tivii, macho yakiwa kwenye mkono wa mrushaji. Mpira wa kwanza ukapita, hakuupiga. Wa pili akapiga umeshafika. Wa tatu. Wa nne. Kwenye wa saba akaweka pedi mapajani.

"Sasa hapo mnanionea."

"Tumekufanyia nini?" Mama akauliza.

"Mpira unatoka mkononi mwake, nauona kabisa, halafu unapotea njiani, halafu nasikia pwaa! umeshafika. Dada, iondoe hiyo setingi ya kuficha mpira."

Hakuna aliyecheka. Mimi ninazijua zile setingi thelathini kama vidole vyangu.

"Mdogo wangu," Shangazi akasema, "hakuna setingi ya kuficha mpira."

Alisema kwa sauti ya chini sana, akaweka kalamu chini. Akasimama mbele ya tivii, akamkalisha Baba sawasawa, akamwambia azibe jicho la kushoto na atazame pua ya Shangazi, asihamishe macho hata chembe. Akanyanyua kidole juu ya paji lake mwenyewe, akakichezesha.

"Kidole kinacheza?"

"Kidole gani?"

Akakishusha polepole. Polepole. Kilikuwa karibu na nyusi zake Baba aliposema, "Hicho hapo, nakiona." Wakabadilisha jicho. Jicho la pili likawa afadhali kidogo, kidogo tu.

Ndipo yale ya ghalani yakaniangukia kichwani. Boriti ya juu. Taa iliyoning'inia. Katoni za sabuni. Baba alikuwa anaona nzi akipiga miayo, ila nzi awe mbele yake. Juu hakuona giza wala ukungu ili ashtuke. Palikuwa hapapo tu, na ubongo unajaza pengo kama mtu anayepaka rangi juu ya ufa.

Shangazi akakaa chini. "Kosa ni langu," akasema. "Kila mteja anayeingia kwangu simwamini. Wewe ulisimama mlangoni ukanisomea herufi, nikakuamini kwa sababu ni wewe. Ubao ule unapima pale unapotazama. Pembeni na juu haupimi. Najua hilo tangu nikiwa mwanafunzi, na nikakuacha uende kwa sababu ulinichekesha."

"Dada, acha basi."

"Mimi ni wa miwani, hili si la miwani. Kesho asubuhi tunaenda kwa daktari wa macho."

Baba akainuka. Sijawahi kumwona hivyo. "Wakijua kazini, nimeshuka. Unaelewa? Barua iko kabatini. Nikienda huko na cheti kikasema siyo mzima, nimeshuka siku hiyohiyo. Ngoja nimalize mwaka."

"Na ya tatu ikimwangukia mtu?"

Kwenye tivii yule mrushaji alikuwa bado anajizungushazungusha, anasubiri aambiwe arushe.

"Chini ya zile rafu wanapita watu," Shangazi akasema. "Wana watoto kama huyu."

Baba alinitazama. Akachukua pedi, akaizima mashine mwenyewe, akaenda chumbani. Asubuhi alikuwa amevaa shati la pasi kabla Shangazi hajagonga mlango.

Hospitali walimpima presha ya macho, ikakutwa juu. Kisha wakamwingiza kwenye mashine moja ambayo mimi nilipoiona nikapigwa butwaa: unaweka kidevu kwenye kikombe, unatazama ndani ya bakuli kubwa jeupe, nukta moja katikati, halafu vimwanga vinawaka huku na huku na wewe una kitufe mkononi. Ukikiona, bonyeza. Usipokiona, mashine inaandika. Baba alitoka anajifuta jasho.

"Ni gemu tu," akasema. "Lakini haina timu."

Daktari akatoa karatasi mbili, jicho moja moja, na kwenye kila karatasi sehemu ya juu ilikuwa nyeusi, kama mtu kafunga pazia nusu. Shangazi, bila kuuliza, akafungua daftari lake, ukurasa wa Baba, akaliweka pembeni. Daktari akainama. Akatazama karatasi, akatazama daftari, akatazama karatasi tena.

"Hii mmepimia wapi?"

"Sebuleni," Shangazi akasema.

"Kwa kifaa gani?"

Shangazi akanigeukia mimi. Ikabidi nimweleze daktari wa macho, mwenye vyeti vitatu ukutani, habari za mrushaji na rungu na mipira ishirini ya juu. Nilitegemea atatufukuza. Badala yake akaomba apige picha ule ukurasa. Nilikaa pale nimeshika mkoba wa Shangazi, nikitazama nukta nyekundu za kalamu na weusi wa ile mashine vikifanana. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumnyamazisha Profesa. Mwanamke huyu, kwa kugusa kitu kimoja kimoja na kukataa kufurahishwa, alikuwa amesoma ndani ya jicho la ndugu yake kwa kutumia gemu ya diski iliyosahaulika.

Daktari hakutupambia maneno. Palipopotea hapatarudi. Palipobaki panalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote, saa ileile. Angechelewa mwaka mmoja au miwili, alisema, pazia lingeshuka hadi katikati.

Baba hakusubiri ajali ya tatu. Alimpelekea meneja cheti mwenyewe, akashuka kwenye mashine kwa miguu yake. Sitawadanganya kwamba aliyapokea vizuri. Wiki mbili hakuongea na dada yake. Shangazi akipiga simu, Baba anasema, "Mwambieni nalala." Wiki ya tatu ghala wakamwomba afundishe madereva wapya, maana hakuna mwingine anayeweza kueleza namna ya kuokota kiberiti. Siku ya kwanza alirudi amekauka sauti, analalamika vijana wa siku hizi hawana mikono, na nikajua amerudi duniani. Jumapili hiyo alimpigia Shangazi, akasema tu, "Njoo. Na daftari lako." Shangazi alifika kabla chai haijachemka.

Alikuja na mpango wa kumtengenezea Baba mipangilio yake peke yake, mrushaji asirushe safu ya juu kabisa. Baba akakataa katakata.

"Iache ilivyo. Ghala halikunishushia rafu."

Akajifunza kuinua kidevu. Kila mrushaji anapokunja mkono, Baba anainua kidevu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani, kisha anakishusha polepole pamoja na mpira. Wiki ya kwanza alipata mmoja kati ya ishirini. Juzi alipata tisa. Shangazi anaandika zote, na mara mojamoja anamwambia atazame ukutani, anajidai kubofya, kisha hagusi kitu.

Mipangilio yetu nimeipandisha upya kundini, safari hii na kurasa za daftari kama ushahidi. Profesa ameandika neno moja, "Nimekubali," na kesho yake akaandika tena kwamba amempeleka mama yake kupimwa.

Kwa hiyo nawaomba, na hapa sitanii. Nani kwenu anasema ameshapimwa, kumbe alisimama mlangoni tu? Nani anaudhika na gemu, na simu, na taa za barabarani, kila siku kosa ni la kitu kingine? Niandikieni hapo chini mlivyomgundua, au mlivyomshawishi akakubali kwenda, maana Mama ndiye anayefuata kupimwa na ameanza kujificha jikoni. Nazisoma zote, na zile nzuri namsomea Baba tukisubiri dawa iingie, akiwa ameegemea kiti, macho kafumba, anasema, "Endelea."